Sufuria ya Bi Mize na Pipi za Mataifa

Iko nchi moja ambayo ukiitafuta kwenye ramani hutaiona. Si kwamba haipo. Ipo, ila serikali yake iliagiza ichorwe upya kwa ukubwa inaostahili, na mchoraji mpaka leo bado anaongeza karatasi.

Mtukufu Rais wa nchi hiyo alifunga safari ya kuzunguka dunia kuwatafutia wananchi wake maji ya bomba. Redio ilitangaza hivyo asubuhi na jioni, na wananchi walifurahi, maana mabomba walikuwa nayo tayari, kilichopungua ni maji tu. Siku ya kurudi kwake walijaa uwanja wa ndege na ndoo, madumu na mabeseni. Ndege ikafunguliwa tumbo. Yakashushwa masanduku, yakafuatwa na masanduku mengine, na yote yalikuwa pipi.

"Ndugu wananchi," Mtukufu alisema katika salamu zake fupi, zilizoanza asubuhi zikaisha watu wakiwa wamekaa juu ya ndoo zao, "maji ukiyanywa yanapita. Utamu unabaki mdomoni. Mimi nimewaletea kinachobaki."

Watu walizipiga ndoo zile kama ngoma, kwa kuwa hawakuwa na kazi nyingine ya kuzifanyia.

Wiki hiyo hiyo Wizara ya Maji ikabadilishwa jina ikawa Wizara ya Vitafunio vya Mataifa. Waziri alibaki yule yule, Mheshimiwa Kandambili, na magari yalibaki yale yale. Mheshimiwa Kandambili alieleza kwamba taifa linalotafuna kile ambacho dunia inatafuna haliwezi kuachwa nyuma, kwa sababu midomo yote itakuwa inakwenda pamoja. Kuanzia hapo kila Ijumaa asubuhi wananchi walitakiwa kufika uwanja wa mpira kwa ajili ya Kuonja kwa Taifa.

Wakaonja. Walionja unga unaolipuka ukigusa ulimi, na wazee waliokumbuka vita wakalala kifudifudi. Walionja peremende ya tunda fulani la mbali, lenye harufu iliyowafanya watu wa mstari mmoja waanze kutazamana vibaya. Walionja vidonge vya jibini iliyokaushwa na upepo wa milimani, vigumu kiasi kwamba wengi waliamua kuvipeleka nyumbani kusugulia visigino. Walipewa panzi waliokaangwa kwa pilipili, na hapo watu wakachangamka, wakasema hawa tunawajua, tunawakaanga kwetu kila mwaka. Mheshimiwa Kandambili alishika kipaza sauti akawatahadharisha kwamba hawa ni wa nje, watafunwe kwa heshima.

*

Kuonja kulikuwa na sheria moja tu, nayo iliitwa Sheria ya Nyuso. Mtukufu ndiye aliyeonja wa kwanza, juu jukwaani. Uso alioufanya ndio uliokuwa Uso wa Taifa kwa Ijumaa hiyo, na kila mwananchi alipaswa kuufanya huo huo mpaka atakapoambiwa apumzike. Wakaguzi wa Nyuso walipita kati ya mistari na vioo vidogo mkononi, wakiwaonyesha watu walipokosea.

Sheria hiyo ilimwangukia vibaya binti mmoja aitwaye Mwatumu.

Mwatumu alikuwa na haya kupita kiasi. Ukimsalimia alijibu kwa sauti ambayo ni yeye peke yake aliyeisikia. Lakini maneno aliyonyimwa mdomoni alilipwa usoni. Akifurahi, hata mtu aliye ng'ambo ya barabara alijua. Akikasirika, kuku walihama uani. Mama yake, Bi Mize, alizoea kuzungumza naye kwa kumtazama tu: anauliza, anasoma jibu kwenye nyusi za mwanawe, anaendelea na kazi.

Kazi yao ilikuwa kupika pipi na kuziuza barazani. Walikuwa na sufuria moja ya shaba, nene, aliyoachiwa Bi Mize na mama yake, na humo zilitoka pipi za namna mbili. Ya kwanza ilikuwa pipi ya ukwaju, kali, ukiitia mdomoni jicho moja linafumba lenyewe na mate yanakuja mbio. Ya pili ilikuwa gubiti, sukari iliyochemshwa, ikavutwa na kuvutwa, ikakatwa vipande. Gubiti ya Bi Mize haikuwa na haraka. Ukishaiuma, meno ya juu na ya chini yalikumbatiana kama ndugu waliopoteana. Wazazi wa mtaa mzima waliinunua kila walipotaka kuzungumza bila kuingiliwa na watoto.

Ijumaa ya kwanza kumtia Mwatumu mashakani, ililetwa pipi laini ya maua ya waridi, imepakwa unga mweupe. Kusema kweli ilikuwa tamu. Mwatumu alifumba macho, uso ukamlegea kwa raha. Kwa bahati mbaya ule unga ulimwingia Mtukufu puani akapiga chafya, kwa hiyo Uso wa Taifa siku hiyo ulikuwa chafya. Uwanja mzima ulipiga chafya isipokuwa yeye. Akaonywa.

Ijumaa iliyofuata ililetwa pipi nyeusi kutoka nchi ya barafu. Ilikuwa na chumvi, na ladha yake ilifanana na barabara iliyotiwa lami juzi. Mtukufu aliificha shavuni akatabasamu. Nchi nzima ikatabasamu, wengine machozi yakiwatoka. Mwatumu alijitahidi, maskini, lakini nyusi zilishuka, pua ikapanda, vikakutana katikati.

Kioo kikasimama mbele yake. Aliyekishika alikuwa Bwana Sijaona, Mkaguzi wa Nyuso wa kata yao.

"Dada, huo ni uso gani?"

"Wangu," Mwatumu alinong'ona.

"Wako! Na wa Taifa umeuacha wapi?"

"Mwanangu jino linamsumbua, baba," Bi Mize alidakia.

"Jino linamsumbua siku ya Ijumaa, kwa kibali cha nani?"

Alasiri hiyo hiyo Bwana Sijaona alifika barazani kwao na askari. Alieleza kwa upole kwamba mtu ambaye uso wake unakataa utamu wa dunia lazima kuna utamu mwingine unaomharibu nyumbani. Wakalitafuta chimbuko la uharibifu huo wakalikuta jikoni, bado la moto. Wakaichukua sufuria ya shaba.

*

Bi Mize alikwenda kwa Waziri mwenyewe, Mwatumu akimfuata nyuma kama kivuli. Walimkuta Mheshimiwa Kandambili amejilaza kwenye kiti, anamumunya kitu cha kijani. Sufuria yao ilikuwa mezani kwake. Ilikuwa imetiwa maua ya plastiki.

"Mheshimiwa, shikamoo. Ile sufuria ndiyo sahani yetu," alisema Bi Mize. "Bila ile hatuli."

"Marahaba, mama. Hamli? Si kila Ijumaa tunawalisha?"

"Mnatuonjesha, baba."

Mheshimiwa alimtazama Mwatumu. Mwatumu alitazama chini, lakini hata ule utosi wake ulionekana kusikitika.

"Nitawasaidia," alisema Waziri, "kwa sababu serikali hii ina huruma na huruma hiyo ina utaratibu wake. Ijumaa ijayo tunapokea zawadi kutoka kwa Balozi wa visiwa vya mashariki. Tumenunua televisheni kubwa kama nyumba, itasimamishwa pale uwanjani. Huyu binti atakaa mstari wa mbele kabisa, kamera imwone. Akiushika Uso wa Taifa mwanzo mpaka mwisho, dunia itajua kwamba hata wakaidi wetu wamekubali. Mtaondoka na sufuria yenu."

"Na asipoushika?"

"Balozi anastahili nishani. Sisi shaba hatuna." Akaigonga sufuria kwa kidole, ikalia vizuri. "Hii tutaiyeyusha."

Wiki nzima Bi Mize alimfundisha mwanawe kukaza uso. Alimlisha mwarobaini, Mwatumu akatabasamu. Alimpa ugali uliolala, akatabasamu. Alimpa kipande cha sabuni ya kufulia, povu likamtoka puani naye bado anatabasamu.

"Hivyo hivyo! Mwanangu, wewe sasa unafaa kuwa naibu waziri."

Ikabaki pipi ya ukwaju, katika zile chache zilizosalia kabla sufuria haijachukuliwa. Mwatumu aliitia mdomoni. Uso ukakunjana wote kama kitambaa kilichokamuliwa, jicho la kushoto likapotea kabisa.

"Jikaze!"

Akajikaza. Jicho la kulia nalo likapotea.

"Basi, basi, itoe hiyo!" Bi Mize alilia, akijipangusa kidevu. "Mimi sijala kitu, lakini nikikutazama mate yananijaa mdomoni mpaka nashindwa kusema. Tumuombe Mungu tu huyo Balozi asije na ukwaju."

Asubuhi ya Ijumaa Bi Mize alifunga kwenye pindo moja la kanga ya Mwatumu pipi ya ukwaju, na kwenye pindo la pili gubiti moja ndani ya karatasi yake. Hazikuwa za kula. Mkono ukitetemeka, alisema, shika pindo ukumbuke kwenu.

*

Zawadi ya Balozi ilikuwa makopo ya vitafunio vyembamba vya mchele, vimeviringishwa kwa majani ya baharini, vyepesi na vitamu vya chumvi. Ndani ya kila kopo kulikuwa na kijipakiti kidogo cheupe chenye maandishi mekundu, ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Ukikitikisa, kililia kama mchanga.

Kamati ya Waziri ilikaa kukijadili. Sasa katika nchi hiyo kuna desturi ya zamani inayoheshimiwa na kila mtu: kwenye shughuli yoyote, iwe harusi au hitima, kilichofungwa peke yake ni cha mkubwa. Sinia ni la wote, lakini ile nyama iliyofungwa kwenye jani lake pembeni, usiiguse, ina mwenyewe. Kamati haikuchukua muda. Vitafunio vikagawiwa kwa wananchi, navyo vijipakiti vikakusanywa vyote vikapelekwa jukwaani.

Wananchi walitafuna wakatazamana kwa mshangao. Vilikuwa vitamu kweli. Mtukufu alionja kimoja akatabasamu, uwanja mzima ukatabasamu bila taabu. Mwatumu naye alitabasamu, na kwenye ile televisheni kubwa uso wake ulitokea mpana kama ukuta. Bi Mize, aliyekaa ubavuni pake, alimfinya kwa furaha. Juu jukwaani, mezani mbele ya Mtukufu, sufuria yao iling'aa na maua yake ya plastiki.

Halafu wakubwa wakavichana vile vijipakiti.

Balozi, aliyekuwa amekaa kwa utulivu, alisimama ghafla akaanza kupunga mikono yote miwili. Alifungua mdomo aseme. Afisa wa itifaki alimwahi akamkalisha, maana mgeni haruhusiwi kutamka neno kabla Mtukufu hajamaliza hotuba yake. Balozi akainuka tena, akapunga, akatikisa kichwa, akajishika shingo.

"Ni ngoma ya kwao," Mheshimiwa Kandambili alieleza. "Tumheshimu mgeni."

Jukwaa zima likapunga mikono, likatikisa vichwa, likajishika shingo. Wananchi wakaiga. Ilikuwa ngoma nzuri. Ilipokwisha, Mtukufu alijimiminia mdomoni vipunje vya pakiti tatu, kwa kuwa yeye alikuwa mkubwa mara tatu, na mawaziri wakajimiminia moja moja.

"Kina ladha ya utulivu," alisema Mheshimiwa Kandambili. Hilo ndilo neno la mwisho alilosema kwa muda mrefu.

Mtukufu alisimama kuhutubia. Makaratasi ya hotuba yalibebwa na watu wawili.

"Ndugu wananchi," alianza. "Kama mnavyofahamu. Ka. Kama mna. Ka."

Akanyamaza. Ulimi ulikuwa umekauka kama ngozi iliyoanikwa, umeganda juu kwenye kaakaa. Aliubandua kwa kidole ukabaki nje, mgumu, na macho yakamtoka. Alinyoosha mkono kutafuta glasi ya maji. Glasi ilikuwepo. Maafisa walikimbia kwenye bomba la uwanja wakalifungua, likatoa upepo. Wakakimbilia la pili, likakohoa. Mmoja alikumbuka kumuuliza Waziri wa Maji, kisha akakumbuka kwamba hayupo.

Mtukufu akasimama vile vile, mdomo wazi, ulimi nje, macho kodo.

Ule ulikuwa ni uso, na aliyeufanya ni Mtukufu. Watu wote waliojaa pale wakafungua midomo, wakatoa ndimi, wakakodoa macho. Bwana Sijaona alipita na kioo chake. "Zaidi kidogo, mama. Wewe babu, macho. Macho!"

Muda ukapita. Hakuna aliyehutubia. Wananchi walianza kusikia sauti za ajabu: ndege, majani, mtoto anacheka mbali. Wengine hawakuwa wamewahi kusikia ndege siku ya Ijumaa. Bi Mize, ulimi nje, aliona kwamba haijawahi kutokea shughuli ya serikali nzuri namna hii.

Mwatumu aliushika uso ule sawasawa, Bwana Sijaona alisimama mbele yake akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ilikuwa imebaki kusubiri tu. Sufuria ilikuwa pale, hatua chache, kama imeshafika nyumbani.

Tatizo ni kwamba alikuwa akimtazama Mtukufu, na kila alipomtazama hakumwona Mtukufu. Alimwona mzee mmoja amesimama juani, midomo imepasuka, anaogopa, na watu wote aliowahi kuwaamuru wamesimama wanamwiga. Babu yake alikuwa na macho yale siku za mwisho kitandani, alipotaka maji asiweze kuomba.

Angepiga kelele. Lakini Mwatumu hakuwahi kupiga kelele maishani. Angepanda jukwaani. Miguu ilikataa hata kulifikiria. Kitu pekee alichokuwa nacho kilikuwa uso wake, na uso wake ulikuwa rehani ya sufuria.

Mkono wake ulikuwa umeshika pindo la kanga. Akalifungua fundo.

"Mwatumu," Bi Mize alisema kwa shida, kwa ule ulimi ulio nje. "Mwatumu, usi..."

Alishaivunja pipi ya ukwaju, pande moja akalitia mdomoni.

Nyusi zikashuka, pua ikapanda, midomo ikajikusanya kama mdomo wa mfuko uliovutwa uzi. Jicho la kushoto likapotea, la kulia likalifuata. Na kamera, iliyoambiwa isimwache binti huyu hata kidogo, haikumwacha. Uso ule ukapanda kwenye televisheni kubwa kama nyumba, kila mkunjo mrefu kama mtu mzima.

Uwanja ulimeza mate. Wote kwa pamoja, sauti ikasikika mpaka sokoni. Watu hawakujua wamepatwa na nini. Mashavu yaliwauma, mate yakajaa, yakamwagika kwenye videvu. Mawaziri wakaanza kumeza mmoja mmoja. Mtukufu aliitazama televisheni, akaitazama tena, shingo ikamcheza, ulimi ukateleza ukarudi ndani.

"Uso!" Bwana Sijaona alikuwa ameshamkamata Mwatumu mkono. "Uso wa Taifa! Umeuharibu mbele ya wageni!"

"Mwache," ikasema sauti ya kukwaruza kutoka jukwaani. "Mlete. Na hicho anachokula."

*

Mwatumu alipanda ngazi akiwa hajui miguu ni ya nani. Akampa Mtukufu pande la ukwaju lililobaki mkononi. Mtukufu akalitia mdomoni. Uso wake ulikunjana, jicho moja likapotea, na taifa zima likakunja uso bila kukaguliwa na mtu. Hata Balozi. Hata Bwana Sijaona, peke yake mbele ya kioo chake.

Balozi alipoona midomo yote inafanya kazi, alisahau itifaki. "Mtukufu," alisema kwa haraka, "vile vijipakiti si chakula. Huwekwa ndani ya kopo kufyonza unyevu. Imeandikwa pale kwa rangi nyekundu."

Watu wote wakamgeukia Mheshimiwa Kandambili.

"Tulijua," alisema Mheshimiwa Kandambili. "Tulitaka kuhakikisha kwamba vinafanya kazi."

Mtukufu alimgeukia Mwatumu. "Binti, umeniokoa. Unataka nini?"

Mwatumu alifungua mdomo, neno halikutoka. Lakini uso wake ulikwenda wenyewe mpaka kwenye sufuria ya shaba, ukakaa hapo.

"Hiyo? Mpeni. Na maua yake."

Alikuwa ameshaikumbatia, anahisi ubaridi wa shaba kwenye kidevu, Mtukufu alipokigonga kipaza sauti kwa kidole.

"Ndugu wananchi," alisema, na sauti yake sasa ilikuwa nyororo, imelainika vizuri. "Nilikuwa bado sijaanza. Na kwa kuwa tumepoteza muda mwingi kwa kunyamaza, leo nitasema yote. Naanza tena kutoka mwanzo."

Wale watu wawili wakainua makaratasi. Uwanjani nyuso zikaanguka, kila mtu na wa kwake. Ndege wakaruka wakaondoka. Mwatumu alitazama chini akamwona mama yake, na Bi Mize hakuwa anamtazama mwanawe wala sufuria. Alikuwa analitazama lile pindo la pili la kanga.

Mwatumu akalifungua. Akamsogelea Mtukufu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akasema kwa sauti iliyosikika mpaka mstari wa nyuma.

"Mtukufu, ile ilikuwa ya wote. Hii hapa imefungwa peke yake."

Mtukufu akatabasamu, maana alikuwa mtu anayezijua desturi za nchi yake. Akaifungua karatasi, akaitia gubiti mdomoni, akauma.

Meno ya juu na ya chini yakakumbatiana.

Bwana Sijaona alimtazama Mtukufu kwa makini: mdomo umefungwa, mashavu yanakwenda polepole, macho yametulia. Akageuka akawatangazia wananchi kwamba Uso wa Taifa ni mdomo kufungwa, na kwa kuwa uso wa namna hiyo unaweza kufanywa popote, wanaruhusiwa kwenda kuufanyia nyumbani.

Watu wakakusanya vikapu vyao na vitafunio vyao vya mchele, wakatoka taratibu. Bi Mize alijitwika sufuria kichwani. Walipofika nje ya geti, akageuka nyuma mara moja, akasikiliza. Kipaza sauti kilikuwa kinatoa sauti ya kutafuna tu.

"Niliyokufungia ile," alimuuliza mwanawe, "ilikuwa kubwa au ndogo? Nimesahau."

"Kubwa," alisema Mwatumu.